Mita 400 za kwanza ndizo zilizonishinda

Jumamosi iliyopita, hapa Lubumbashi, nilishinda mbio za kirafiki za mita 1,600 nikiwa juu ya farasi jike ambaye hakuna aliyempa nafasi. Jioni yake kijana mmoja wa Kampemba aliniandikia akiuliza: "Kaka, ulimfanya nini pale mwishoni hata akawapita wote?" Nimelisoma swali hilo mara kadhaa, na kila mara naona kwamba kijana huyu anatazama upande usio wenyewe. Mwishoni sikufanya jambo kubwa. Nililolifanya nililifanya mwanzoni, wakati watazamaji walikuwa bado wanatafuta mahali pa kukaa, na ili nilieleze vizuri inanibidi nirudi miaka mitatu nyuma, kwenye siku ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Wakati ule nilikuwa mtunza farasi tu, mwenye kazi ya kusugua, kulisha na kuzoa mavi, na miezi hiyo sitaisimulia kwa sababu haina utamu. Mzee mmoja mwenye farasi alikubali nimpande dume lake aliloliita Malachite, jina la jiwe la kijani, ingawa halikuwa na hata unywele mmoja wa kijani. Nilijiona nimefika. Kwenye simu yangu nilikuwa nimetazama mara zisizohesabika mbio za Belmont za mwaka 1973 huko Marekani, ambamo Secretariat, akiwa na Ron Turcotte mgongoni, alitoka kwa kasi, akazidi kwenda, akamaliza mwendo wa mita zipatazo 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 24, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Nikaamua kwamba nami nitakwenda hivyo hivyo. Sikumwambia mtu.

Bendera iliposhuka nililegeza hatamu zote. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu lilikuwa limelala kama unga juu ya njia, na mimi niliyekuwa mbele sikulionja hata kidogo. Waliolimeza ni wenzangu watano walioko nyuma. Kufika mita 400 nilikuwa nimewaacha kwa urefu wa farasi wanne, na kufika 800 walikuwa sita. Nilisikia watu wakipiga kelele na, nasema kweli, nilitabasamu. Kisha, kabla ya kona, nikasikia kitu kingine. Farasi anayepiga shoti huvuta pumzi moja kwa kila hatua, na huivuta kwa pua peke yake, kwa hiyo ukiwa juu yake unaisikia kama mvukuto wa mhunzi: hoo, hoo, hoo, bila kukosea. Pumzi ya Malachite ilianza kukwaruza. Shingo, ambayo ilikuwa imenyooka mbele, ikapanda, masikio yakalala pembeni, na kila hatua ikawa fupi kuliko ile iliyotangulia. Nilimchapa. Hakuwa na cha kunipa. Mita 300 kabla ya mwisho alinipita wa kwanza, nikamwona mpandaji wake hata hatumii kiboko, na tulipovuka mstari tulikuwa wa tano.

Mwenye farasi hakungoja nishuke. Mbele ya wageni wake alisema, "Umeniulia farasi," na wiki hiyo hiyo mwingine akapewa Malachite. Farasi hakufa, jioni alikula vizuri kuliko mimi. Lakini neno hilo liliingia, na sitadanganya kwamba limeshatoka.

Aliyenisaidia ni mzee wa mabandani tunayemwita Papa, ambaye aliniuliza, huku akimwaga maji juu ya mapaja ya farasi, "Mutoto, ulikimbiza farasi ao ulikimbiza macho ya watu?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilizitazama tena zile mbio za Belmont, na kwa mara ya kwanza sikumtazama Secretariat. Nilimtazama Sham, farasi mwenye nguvu kabisa, aliyejaribu kwenda naye bega kwa bega tangu mwanzo. Walikuwa farasi watano, na Sham alimaliza wa mwisho. Mimi nilikuwa nimejifunza mbio zile kutoka kwa farasi mmoja ambaye hakufanana na wengine, kumbe somo langu lilikuwa kwa yule aliyemfuata. Na huyo huyo Secretariat, majuma matano kabla, katika Kentucky Derby, alikuwa ameanza nyuma ya wengine wote na kukimbia kila robo maili kwa kasi kuliko ile iliyotangulia.

Sababu yake si ya kishirikina. Farasi ukimsukuma kupita kiasi mapema, misuli yake huanza kufanya kazi bila oksijeni ya kutosha, uchovu unajilimbikiza miguuni, na uchovu huo hauondoki kwa kiboko wala kwa maombi. Baba yangu alilijua jambo hili bila kupanda farasi hata siku moja. Alikuwa akileta makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli, au kinga kama tunavyoiita hapa, magunia yamefungwa mpaka yeye mwenyewe haonekani, na waliokuwa wakimpita alfajiri kwa mbwembwe aliwakuta mchana wamekaa chini ya mwembe. Yeye alikuwa hata hageuzi shingo.

Mwaka uliofuata nilipewa farasi mwingine, nikakosea kinyume chake: nilimshikilia mno. Ni kosa alilolaumiwa mpandaji Greville Starkey juu ya farasi Dancing Brave katika Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 1986, alipokaa nyuma mno na kushindwa na Shahrastani kwa nusu urefu wa farasi. Miezi michache baadaye, kule Longchamp, Ufaransa, mpandaji Pat Eddery alikaa nyuma na farasi yule yule, akamtoa pembeni palipokuwa wazi, akashinda mbio kubwa za Arc (Prix de l'Arc de Triomphe). Tofauti ni kwamba mbele ya Eddery kulikuwa na mwendo mkali unaowachosha waliotangulia. Ukikaa nyuma wakati walio mbele wanatembea tu, unawatunzia pumzi yao. Nami nilikuwa wa pili siku hiyo, kwa shingo.

Kwa hiyo, kijana wangu, ushauri wangu ni huu: shika hatamu. Mita 400 za kwanza zipite ukiwa unasikiliza, si ukiwa unashindana. Jumamosi nilikaa wa tatu, nimejificha upepo nyuma ya farasi mmoja lakini nusu mwili nje ya mstari wake, kwa sababu farasi anayepigwa vumbi usoni hukataa kwenda na hutupa kichwa. Walio mbele yangu walikuwa wawili, na kila mmoja hakutaka mwenzake aongoze. Sikuwa na haja ya kuwafanya lolote. Nilihesabu pumzi za jike langu mpaka tulipotoka kwenye kona, nikahisi amebadili mguu wake wa kutangulia, ile hatua ndogo kama mtu anayehamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda ule, na hapo ndipo nikafungua vidole. Vidole tu. Shika hatamu mpaka hapo.

Wala sisemi kwamba kuongoza ni dhambi. Mwaka 1985 mpandaji Steve Cauthen aliongoza Derby ya Epsom na Slip Anchor tangu mwanzo, akashinda kwa urefu wa farasi saba. Lakini Cauthen alisifiwa kwa kuujua mwendo kana kwamba alikuwa na saa kichwani. Sisi hapa tuna simu kichwani. Tunataka kupigwa picha tukiwa mbele, tunataka jina letu liitwe kabla ya kona, kisha tukichoka tunasema farasi ni mbovu au mwenye farasi ni mchawi. Mimi nilisema hivyo mwaka mzima. Shika hatamu, na ushike pia kinywa chako.

Yule mzee wa Malachite alikuwepo Jumamosi. Alinipa mkono, akasema dume lake halina mpandaji mwezi ujao. Nilimjibu, "Asante, Mzee, nitafikiri," na bado nafikiri. Wewe kijana njoo kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi, uvae viatu vyenye kisigino visiteleze kwenye vikuku vya kukanyagia. Hutapiga shoti. Utamtembeza jike nusu saa, na utaniambia amevuta pumzi ngapi.