Fikeni kabla zege halijamwagwa

Mzazi anayefika shuleni siku ya kukata utepe huona rangi mpya, madirisha na ubao. Vitu vinavyoamua kama darasa lile litakaa miaka 40 au litaanza kupasuka mwaka wa tatu vimeshazikwa zamani: kina cha msingi, wavu wa chuma ulio ndani ya sakafu, kipimo cha simiti. Kwa hivyo kama una siku tatu tu za kutoa kwa mradi wa shule, iwe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma, usizimalize kwenye mikutano. Toa moja msingi ukiwa bado wazi, ya pili asubuhi ya kumwaga sakafu, na ya tatu kenchi za paa zikipanda.

Lakini kwanza pata BQ, ile orodha inayotaja kila kazi, kipimo chake na bei yake. Bila BQ mtabishana na kontrakta kwa macho, naye atawashinda. Anzeni kwa mwalimu mkuu, kwa sababu pesa zikiwa za NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, mara nyingi bodi ya shule ndiyo inayokaa kama kamati ya mradi, na nakala iko ofisini. Likiwa ni darasa la chekechea, nendeni kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Watu hupoteza wiki nzima wakibisha mlango usio wao.

Mkizungushwa, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, haikudai utoe sababu, na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ukikataliwa una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Taja unachotaka kwa jina: BQ, michoro, mkataba, na vyeti vya malipo vilivyotolewa hadi leo. Barua inayoomba "habari kuhusu mradi" hujibiwa kwa mistari miwili isiyo na kitu. Jina la kontrakta nalo lipelekeni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, muone kama amesajiliwa na yuko daraja gani kati ya yale 8.

Sasa msingi. Kuchimba hulipwa kwa ujazo, kwa hivyo kila sentimita ambayo haikuchimbwa ni pesa iliyolipwa bure. Teremsha futi kamba kwenye mtaro, sehemu nne au tano, hasa pembeni mwa jengo ambako wachimbaji huchoka. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikija. Huo lazima uondolewe hadi ardhi ngumu, au mhandisi abadilishe aina ya msingi kwa maandishi. Kosa linalorudiwa kila mara ni kuuondoa kisha kuurudisha uleule kujazia chini ya sakafu. Utavimba tu, na sakafu itainuka katikati. Nakuru shida ni nyingine: udongo wa majivu ya volkeno huoshwa na maji upesi, kwa hivyo angalia mifereji ya kutolea maji ya mvua imo kwenye BQ, na kwamba inachimbwa kweli.

Siku ya sakafu ndiyo ya kukaa kutwa. Chini kuwe na mawe yaliyoshindiliwa, juu yake vumbi la mawe, kisha nailoni, kisha wavu wa chuma, ule mafundi huita BRC. BQ nyingi huandika A142, wavu wa vyuma vya milimita 6 wenye miraba ya sentimita 20. Kinacholetwa wakati mwingine ni A98: miraba ni ile ile, vyuma ni vya milimita 5. Ukiwa umesimama mlangoni huwezi kutofautisha. Inama, shika chuma kimoja, kipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Halafu tazama kama wavu umeinuliwa kwa vijiwe vya zege. Wavu ukilala juu ya nailoni, zege litapita juu yake na chuma hakitasaidia chochote, hata kama ni cha kipimo sahihi.

Hesabu simiti kabla kazi haijaanza. Darasa la mita 7.5 kwa 6, sakafu ya sentimita 10, ni ujazo wa mita 4.5. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani sehemu moja ya simiti, mbili za mchanga na nne za kokoto, hiyo ni mifuko 28 au 29 ya kilo 50. Ukikuta 18 stoo na hakuna lori linalotarajiwa, ama sakafu itakuwa nyembamba ama zege litakuwa mchanga mtupu. Mfuko mmoja unachukua takriban toroli moja ya mchanga na mbili za kokoto, zikiwa zimesawazishwa juu. Toroli zilizorundikwa kama mlima huharibu hesabu yote, kwa hivyo sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 35, kina 29, ni bora zaidi: ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja. Tazama pia maji. Mafundi huyaongeza ili zege litandazike kwa urahisi, na miezi baadaye sakafu hutoa vumbi kila mkifagia.

Baada ya hapo sakafu inywe maji siku 7 angalau. Kazi nyingi hufanywa shule zikiwa zimefungwa na hakuna wa kumwagilia, basi wazazi wapange zamu.

Paa halina mengi. Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya 30, na namba huwa imechapwa kwenye bati lenyewe. Isome kabla halijapanda. Kila kenchi ifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma, maana upepo wa ziwa huezua. Kwa ngurumo zinazopiga Kakamega na Kisii, ulizeni kinga ya radi ikiwa haimo kwenye BQ. Milango ifunguke nje.

Nani awe kwenye kikundi? California, Marekani, wapiga kura walipopitisha Proposition 39 mwaka 2000 ili iwe rahisi kukopa kwa bondi kujenga shule, sheria ilidai kila wilaya ya shule iliyokopa hivyo iwe na kamati ya wananchi wasiopungua 7, bila mfanyakazi wa wilaya wala mtu anayeiuzia chochote. Kanuni hiyo tuichukue kama ilivyo. Mwenye lori la mchanga unaonunuliwa asipewe futi kamba, hata akiwa mzee wa kanisa.

Mkiona kasoro, msimfokee fundi; yeye hutumwa. Piga picha futi ikiwa ndani ya picha, andika tarehe, peleka barua siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi na ofisa wa ujenzi wa serikali anayetia sahihi cheti cha malipo. Huyo wa mwisho ndiye mlango, kwa sababu cheti kikishatiwa sahihi, pesa zinatoka. Mkihisi hongo, EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, ina ofisi Kisumu na Nakuru, na namba ya bure ni 1551.

Sehemu ya malipo hubaki imeshikiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi miezi 6. Muulizeni mwalimu mkuu tarehe yenyewe na muiandike ukutani ofisini. Darasa likikabidhiwa Januari, mvua ya Machi hadi Mei inaangukia ndani ya kipindi hicho. Nendeni kunaponyesha kweli kweli, simameni katikati ya darasa, mtazame juu, kisha pembe za kuta.