Shujaa Mmarekani Mweusi kwenye riwaya ya sayansi ya vijana: weusi wake upewe kazi

Mleta uzi, nimekusoma. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu anaandika riwaya ya kubuni ya kisayansi kwa vijana, kwa Kiswahili. Shujaa ni kijana Mmarekani Mweusi wa miaka 16, mwaka ni 2061, mahali ni kituo cha mwezini. Sura tatu ziko tayari, na waliosoma wanamwambia kijana huyo angeweza kuwa Mnorwei na hakuna kitu kingebadilika. Wadau waliotangulia wameshauri aongezewe hip hop, kofia ya besiboli na polisi mbaguzi. Mkuu, hiyo ni rangi ya kupaka juu, mvua moja tu inaondoka. Dawa ni kufanya asili yake iwe kipuri ndani ya mtambo wa hadithi: ukikichomoa, injini inazima.

Anza na mji. "Marekani" si mji. Nakupendekezea Hampton, Virginia, kwa sababu kila unachokihitaji kiko ndani ya mwendo mfupi wa gari. Pale Point Comfort ndipo Waafrika wa kwanza wa koloni la Virginia waliposhushwa Agosti 1619. Mahali hapohapo ikajengwa ngome ya Fort Monroe, na Mei 1861 watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka maji usiku kwa mashua wakaingia ngomeni, na jenerali aliyekuwepo akakataa kuwarudisha kwa bwana wao. Baada yao walimiminika maelfu. Kisha kuna Langley, kituo cha utafiti wa ndege tangu 1917, ambacho baadaye kikawa cha NASA, shirika la anga la Marekani. Kina fremu kubwa ya chuma yenye urefu wa mita 73 kwenda juu ambamo wanaanga wa Apollo, zile safari za Marekani za mwezini, walifanya mazoezi ya kutua, wakining'inizwa kwa nyaya ili uzito wao ubaki moja ya sita. Yaani mtoto wa Hampton anaweza kukua akiuona mwezi wa mazoezi ukiwa upande wa pili wa mji. Kitu hicho hakipatikani Oslo.

Langley ndiko walikokuwa wanawake Weusi waliokokotoa hesabu za ndege na roketi kwa mkono, kuanzia 1943. Dorothy Vaughan alipewa kuongoza kitengo chao 1949. Katherine Johnson aliajiriwa 1953, na Februari 1962 mwanaanga John Glenn alitaka yeye ahakiki namba za mashine kabla hajaizunguka dunia. Jina la kazi yao lilikuwa "kompyuta". Hapa Kiswahili kinakupa silaha ambayo Kiingereza hakina: ngeli. Andika "kompyuta wale walikuwa na meza yao ya kulia chakula", na msomaji ataruka kidogo kwenye kiti, kwa kuwa kompyuta kwake ni "zile" na "zilikuwa". Juu ya meza hiyo kulikuwa na kibao cha kuwatenga, na mmoja wao, Miriam Mann, alikuwa akikiondoa na kukitia mkobani. Ukileta kibao kama hicho kwenye kituo chako cha 2061, kiwe kitu cha kushikika, si hotuba.

Ila piga hesabu ya vizazi kabla hujafanya ukoo. Mkokotozi aliyezaliwa 1925 alikuwa na miaka 18 mwaka 1943. Kwa miaka 30 kila kizazi: mtoto 1955, mjukuu 1985, kitukuu 2015, kilembwe 2045. Shujaa wako wa miaka 16 mwaka 2061 ni kilembwe wake. Ukiandika "bibi yake alifanya kazi na Glenn", umekosea kwa vizazi viwili, na msomaji mwenye kalamu atakukamata ukurasa wa kwanza. Kumbukumbu zinazomfikia zitakuwa zimepita midomo mitatu. Zifanye ziwe na makosa. Daftari la hesabu litasema jambo moja na hadithi ya familia jingine, na hapo ndipo fumbo lako linapozaliwa.

Sasa mwezini. Makosa mengi ya rasimu yako yako huku.

Umeweka kituo ncha ya kusini, chaguo zuri, kwa sababu kuna barafu kwenye mashimo yasiyopigwa na jua. Lakini umeandika "jua la utosini". Pale jua haliinuki zaidi ya nyuzi 1.5 hivi juu ya upeo. Linazunguka pembeni kama taa inayobebwa na mtu anayetembea nyuma ya ukuta, na jiwe la kimo cha goti linatupa kivuli cha makumi ya mita. Ukiingia kivulini huoni miguu yako, maana hakuna hewa ya kusambaza mwanga. Nayo dunia, ikitazamwa kutoka nchani, huonekana karibu na upeo takriban wiki mbili, kisha huzama wiki mbili. Bila setilaiti ya kupokezana mawimbi, mawasiliano yanakatika. Hapo umepewa kiini cha mkasa bure: setilaiti iharibike siku dunia inapozama.

Mawasiliano yakiwepo, sauti inachukua sekunde 1.3 kwenda na 1.3 kurudi. Mazungumzo ya kukatizana hayapo. Andika hivi:

"Bibi, unanisikia?"
Moja. Mbili. Nusu.
"Nakusikia. Umekula?"

Ukizoea mdundo huo huhitaji kueleza fizikia tena. Mtu akiuliza swali gumu, zile sekunde mbili na nusu zinafanya kazi ya kurasa mbili. Lakini usizidishe; zitaje mara tatu nne za mwanzo, kisha ziache zifahamike.

Uzito: kilo 60 zinahisiwa kama 10, ila kujisimamisha ukiwa mbioni ni kugumu kulekule. Kijana anayekimbia na kutaka kukata kona ataendelea mbele na kubamiza ukuta. Wewe umemfanya aruke kama sungura na kutua kwa madaha. Mwangushe. Vumbi la kule halijawahi kulainishwa na upepo wala maji, lina makali, linakwangua kioo cha helmeti na kula mipira ya kuzibia hewa. Wanaanga wa Apollo walisema lina harufu ya baruti iliyoungua. Usiandike sauti za nje ya kituo. Atakachosikia ni pumzi yake na mtikisiko unaopanda kwenye buti.

Kosa kubwa zaidi ni pale anapovaa suti na kutoka ndani ya dakika moja kumwokoa rafiki. Suti za anga hujazwa oksijeni tupu kwa shinikizo la chini kidogo ya theluthi ya hewa ya usawa wa bahari. Zikijazwa zaidi, vidole havikunjiki. Mtu akitoka moja kwa moja kwenye hewa ya kawaida, nitrojeni iliyo mwilini inatoa mapovu, ugonjwa uleule wa wazamiaji wanaoibuka haraka. Kwa hiyo lazima kwanza apumue oksijeni tupu kwa muda mrefu, na kutoka hewa ya kawaida hilo ni jambo la saa kadhaa. Una njia mbili. Ama kituo chako kiwe na shinikizo dogo na oksijeni nyingi, muda upungue hadi dakika, ama umwache atoke bila kujiandaa, na viungo vianze kumuuma sura inayofuata. Mimi ningechukua ya pili.

Turudi kwenye sura ya 3, ile ya gari lililokwama na watu wanne. Umeandika "oksijeni ilikuwa inakwisha" mara saba bila namba. Mtu mmoja anatumia kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, wanne ni kilo 3.36. Mtungi wenye kilo 7 unawatosha siku mbili na kidogo. Kinachowaua mapema ni hewa chafu wanayoitoa wenyewe, kaboni dioksaidi, karibu kilo 1 kwa mtu kwa siku. Tuseme gari lina nafasi ya mita za ujazo 10 na kichujio kimekufa: inapanda karibu asilimia 1 kila saa, hata kama mtungi wa oksijeni umejaa. Saa ya 3 kichwa kinagonga na pumzi zinakimbia. Saa ya 5 watu wanagombana kwa mambo ya kipuuzi na hesabu rahisi zinawashinda. Kuelekea saa ya 10 wanazimia. Hiyo inakupa ratiba ya sura nne nzima, na kila mazungumzo yawe mabaya kuliko yaliyotangulia. Kilo 1 ya lithiamu hidroksaidi, kemikali ya kwenye vichujio, inanyonya karibu kilo 0.9 za hewa hiyo, kwa hiyo wakipata kopo la kilo 2 wamenunua kama saa 11. Ila tafadhali wasilifunge kwa mfuko wa plastiki na utepe wa gundi. Hiyo ilishafanyika Apollo 13 mwaka 1970 na kila mpenzi wa anga anaijua.

Na hapa ndipo weusi wa kijana unapoingia kwenye mtambo. Kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga huwa kinakosea zaidi kwenye ngozi nyeusi, kikionyesha namba ya juu kuliko ukweli. Utafiti uliotolewa Marekani 2020 ulikuta kosa hilo, yaani kifaa kinasoma 92 hadi 96 wakati damu iko chini ya 88, karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko Weupe. Weka kihisi cha kizazi kilekile ndani ya suti, kilichosawazishwa kwa watu weupe. Suti inavuja taratibu, taa ni ya kijani, kituo kinamwambia uko sawa, endelea. Yeye anaona macho yanafifia na kuhisi ulimi mzito. Je, aamini mwili wake au mashine? Na nani kituoni atamwamini? Hakuna aliyemtukana, hakuna polisi, na bado hadithi hii haiwezi kumtokea Mnorwei.

Nywele pia. Helmeti hairuhusu kila mtindo, na maji ya kuosha yanapimwa. Misuko ya mistari ya kurudi nyuma, twende kilioni tunayoijua sisi, inakaa vizuri chini ya kofia ya vipaza sauti. Rasta nene hazikai. Nani anamsuka mwezini? Swali hilo dogo linakupa urafiki mzima.

Kuhusu lugha yake. Usimpe shikamoo, kijana wa Virginia anamheshimu mkubwa kwa kumwita "Bi Ernestine" na kujibu "ndiyo, mama", inatosha. Usitafsiri Kiingereza cha Wamarekani Weusi kwa lugha ya wahuni wa kijiweni. Kina kanuni zake, na nyumbani ni lugha ya bibi na mchungaji pia. Njia salama ni sentensi fupi zenye mdundo kwa nyumbani, na Kiswahili cha ofisini anapoongea na kituo. Msomaji atasikia jinsi anavyobadilisha.

Jina umeuliza: Jabari linafaa. Wamarekani Weusi wengi walianza kuwapa watoto majina ya Kiswahili miaka ya 1960 na 1970, wakati uleule mwanaharakati Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, mwaka 1966, yenye nguzo saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Kijana anaweza kuyajua maneno hayo saba na asijue la nane. Ukimkutanisha na fundi wa Tanga kituoni, chekesho lipo, lakini usimfanye fundi awe mzee wa hekima anayemrudisha Afrika. Fundi ana zamu yake.

Chakula kitakuokoa na kurasa za maelezo. Kwao kunde huliwa Mwaka Mpya kwa ajili ya bahati. Mboga yao ya majani, collard, ni ndugu wa sukuma wiki, ila majani hayo hayakaangwi. Yanachemshwa taratibu saa nzima au zaidi na nyama ya kuvuta moshi, na supu yake inanywewa. Mboga hiyo inaweza kuota kwenye bustani ya kituo. Saa nzima ya kuchemsha, kwa umeme wa kupimwa, ni ugomvi tosha.

Urefu: maneno 45,000 hadi 50,000, sura 28 hivi. Vitabu vya namna hii kwa Kiingereza vina zaidi, lakini "nitamkumbuka" kwetu ni neno moja. Istilahi chagua moja usiyumbe: suti ya anga, gari la mwezini, chumba cha milango miwili (kile cha kutokea nje bila kupoteza hewa). Usiweke faharasa nyuma. Mlango mmoja ugome kufunguka hadi mwingine ufungwe, na msomaji ameshaelewa.

Sura ya 1 na ya 2 zitupe. Anza na taa ya kijani.