Nafaka zimepanda juu kama kofia, nizikoroge au niziache?

SWALI: Habari za kazi. Nachachusha nafaka za pombe nyumbani kwenye ndoo ya plastiki, hii mara ya tatu sasa. Nikishatia hamira, kesho yake nafaka zote zinapanda juu zinaganda kama kofia nene, chini maji tu, na safari hii povu limefurika mpaka sakafuni. Mwenzangu anasema nisiguse, nitaharibu. Halafu mbona haina utamu hata kabla sijatia hamira? Nakosea wapi?

JIBU: Hiyo kofia isikutishe kabisa, hamira ikila sukari inatoa gesi ya kabonidayoksaidi na vile vipovu vinanasa kwenye maganda ya nafaka vinayabeba juu, kwahiyo ndo dalili kwamba kazi inaendelea. Ila mwenzako hapo simuungi mkono, maana kofia ikikaa juu ikakauka inaota ukungu, na siki inaanzia hapohapo. Chukua mwiko uliouchemsha, izamishe taratibu asubuhi na jioni, utasikia inatoa shhh na vipovu vitakimbilia pembeni mwa ndoo. Usiipige kwa nguvu. Zikishazama zenyewe baada ya siku kadhaa acha kabisa kukoroga, kwasababu hewa utakayoingiza wakati huo ndo inayoleta uchachu wa siki.

Kufurika ni kwamba umejaza mno, acha robo ya ndoo wazi, na tafadhali usije ukakaza mfuniko ili kuzuia povu, gesi ikikosa pa kutokea ndoo inaweza kupasuka.

Sasa huo utamu ndo unanipa wasiwasi zaidi. Hamira hii ya kawaida haili wanga, inakula sukari, na wanaogeuza wanga kuwa sukari ni vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea, yaani ile nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Nina hakika kiasi fulani kwamba unamwagia kimea maji yanayochemka, na moto huo unaviua palepale. Kama unatumia na nafaka isiyooteshwa ipike kwanza yenyewe mpaka iwe uji, iache ipoe hadi nyuzi 65 za Selsiasi hivi, hapo ndo utie kimea, funika sufuria kwa blanketi saa nzima ishike joto. Utaona kwa macho, ule uji mzito unalegea unakuwa majimaji, na ukionja ni mtamu kweli. Ukitaka uhakika weka matone machache kwenye sahani nyeupe udondoshee iodini, ikigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, ongeza muda, na hayo matone uyamwage usiyarudishe. Nunua kipimajoto jamani, kidole hakijui tofauti ya nyuzi 65 na 75, na hiyo tofauti ndo kila kitu.

Hamira nayo subiri mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 30. Watu wengi wanakosa subira hapa, wanaitia ingali moto halafu wanalalamika hamira mbovu.

Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya pinki juu, usikwangue ukaendelea, mwaga yote. Na usijaze kwenye chupa kwasababu tu povu limeisha, pima na haidromita, kile kifaa kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, namba ikibaki ileile siku 3 mfululizo ndo ujue imemaliza, la sivyo chupa zitakulipukia kabatini.