Kupima nyasi za baharini kwa setilaiti: anza na bamvua

Ukitaka kujua nyasi za baharini zimestawi kiasi gani katika ghuba kama ya Chwaka, Unguja, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujapakua picha hata moja. Ndilo jambo ninalomsisitizia kila anayeanza kazi hii. Programu atazizoea, lakini asipoyajua maji ramani yake haitamfaa mtu.

Maji hunyonya mwanga mwekundu ndani ya mita chache tu, na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, mapema zaidi. Unaofika chini ukarudi ni wa buluu na kijani. Ndiyo maana maji yakijaa, nyasi haba za kwenye kina huonekana nyeusi sawa na nyasi tele za karibu na ufuko. Na hapa bahari hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana! Heri yetu ni kwamba siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za dunia, hupita kati ya saa nne na saa tano. Siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, saa hiyohiyo maji yamejaa. Basi tafuta picha za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, nje ya masika, zisizo na mawingu wala mng'aro wa jua juu ya maji. Nyasi zilizoachwa wazi kabisa zichambue peke yake, kwani kwenye infraredi hung'aa kama majani ya nchi kavu.

Kisha ingia majini. Pikseli, yaani kila kidoti cha picha, ni mita 10 kwa 10, na GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, kwa hiyo fremu moja ya nusu mita ya kuweka juu ya nyasi na kupima ndani yake haitoshi. Mimi huchagua mahali ambapo nyasi zinafanana kwa upana wa mita 30 hivi, nikaweka fremu kadhaa, nikakadiria asilimia ya mchanga uliofunikwa, kisha nikatafuta wastani. Sehemu ya vipimo hivyo iweke kando kwa ajili ya kuhakiki ramani.

Kamba za mwani nazo huonekana kama nyasi. Waulize akina mama wanaolima mwani mashamba yao yako wapi msimu huu, na wategaji madema, mitego ya samaki, watakuonyesha nyasi wanakopata samaki kama tasi na pono.

Ukilinganisha miaka, chukua mwezi uleule na kimo kilekile cha maji. Na uandike wazi ramani yako inaweza kukosea kwa kiasi gani, maana ukitangaza kwamba nyasi zimepungua, kuna watu wanaoweza kufungiwa eneo lao la kuvua.