Kisasi kina kipimo chake

Bwana Mhariri, wiki hii mmetuuliza: neno kisasi lina maana gani kwako, na wewe mwenyewe umewahi kulipiza? Mimi nauza leso, yaani kanga, hapa Lamu, kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Swali lenu nalisikia dukani karibu kila wiki, ila wanaoniuliza huja na pesa mkononi.

Mwezi uliopita aliingia bibi mmoja akitafuta leso ya kumjibu wifi yake. Huyo wifi alikuwa amejifunga leso yenye jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, la kumchoma, tena arusini, mbele ya watu. Nikamshushia rundo zima. Akawa anapitisha kidole juu ya majina, akiyasoma kwa sauti ya chini, moja moja. Nikaona nimsaidie, nikamchomolea moja ambayo niliamini wifi akiisoma hatatoka ndani siku tatu. Bibi aliisoma, akaisukuma pembeni kwa ncha za vidole kama samaki aliyevunda.

"Mwanangu, hii kali muno. Yeye aliniambia neno moya, nami nataka neno moya."

Alikaa karibu nusu saa mpaka akalipata lenye uzito wa lile la wifi yake. Nikachukua mkasi, nikamkatia pea yake, akalipa, akaenda zake.

Mkasi nimeutaja makusudi. Marehemu mjomba wangu, aliyesoma Riyadha, chuo cha dini hapa Lamu, alikuwa akitwambia kwamba kisasi, kisa na mkasi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu: qaf, sad, sad. Mzizi huo ni kukata, na pia ni kufuata nyayo. Msimulia kisa hufuata nyayo za waliotangulia. Mwenye kisasi hufuata nyayo za aliyemtenda, na pale nyayo zilipokoma naye hukoma papo hapo. Hiyo ndiyo kisasi ya sharia, sawa kwa sawa, wala haikuachiwa kila mwenye hasira aipime kwa mkono wake. Sura ya An-Nahl, aya ya 126, inasema mkilipiza basi lipizeni mfano wa mlivyotendwa, na mkisubiri ni bora zaidi. Na kwenye Al-Baqara, aya ya 178, pale pale penye kisasi cha damu pamefunguliwa mlango wa kusamehe na kupokea fidia kwa wema. (Msije mkadhani huku kwetu Kadhi anahukumu damu. Katiba ya Kenya ya 2010 imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, basi.)

Kwa hivyo lilipoingia kinywani mwetu, neno hili lilikuja na mizani yake, nasi tukaliozesha kitenzi cha dukani: kulipa. Wazee husema kulipa kisasi, vijana kulipiza. Mimi mwenye daftari la madeni hunichekesha neno hili, kwa sababu deni hapa halieleweki ni la nani. Ukisema "nitamlipa", kana kwamba yeye ndiye aliyekukopesha ubaya na wewe waurudisha. Ukisema "nitamlipiza", mdaiwa ni yeye, wewe wamtoza. Mswahili hutumia yote mawili kwa pumzi moja na hakuna anayepotea. Na mwanamke aliyekula siku 6 za Ramadhani kwa udhuru, akizifunga baadaye husema analipa. Analipa 6, hafungi 20 kumkomoa mtu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kukomoa. Haya mambo tunayoyaita kisasi siku hizi, mengi yake ni kukomoa. Kukomoa hakuna kipimo. Jirani amekumwagia maji machafu mlangoni, wewe wamtilia sumu paka wake: hicho si kisasi, umemkomoa. "Nitamwonyesha kilichomtoa kanga manyoya" haisemi manyoya mangapi. Watangazaji wa mpira nao wametuharibia neno. Timu ikifungwa 1 kwa 0, ikirudi ikishinda 5, wanapiga kelele kuwa imelipiza kisasi. Kwa hesabu ya dukani kwangu, hao sasa wanadaiwa 4.

Kisasi kisichopimwa kinatisha hata kabla hakijaja, na mji huu unalijua hilo. Yapata 1812 Wamazrui, watawala wa Mombasa, pamoja na watu wa kisiwa cha Pate walishuka Shela, kijiji jirani, kuja kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya. Mifupa yao imekuwa ikifukuliwa na upepo kwenye vilima vya mchanga. Ungetegemea watu wa Lamu walale usingizi wa washindi. Hawakulala. Waliogopa Mombasa itarudi kulipiza, wakatuma ujumbe Oman kwa mtawala wake, Sayyid Said, kumwomba hifadhi. Akawaletea liwali, yaani gavana wake, na askari, na Ngome ile tunayopumzikia mbele yake jioni ikamalizika yapata 1821. Mombasa haikurudi kuipiga Lamu, na liwali hakuondoka. Sisi tulikuwa tumeshinda vita, na bado hofu ya kisasi ikatupa mtawala.

Sasa swali lenu la pili. Ndiyo, nimewahi. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja alinikopa pea 6 za leso za arusi ya binti yake, shilingi 3,000. Miezi ikapita, kila nikimwona anageukia kichochoro kingine. Siku ya kumpaka hina binti wa pili nilikwenda, nikangoja ukumbi ujae, nikalitaja deni kwa sauti, na idadi ya leso, na rangi zake. Binti alikuwa amenyoosha mikono, hina mbichi mpaka viwikoni. Akalia, na hakuweza kujifuta machozi. Mwanamke mwingine ndiye aliyemfuta, kwa leso.

Mwenyewe nilirudi nyumbani nikijiambia nimelipiza kisasi. Nilikuwa nadai 3,000. Nilichotoza pale hata leo sijui nikiandike shilingi ngapi.

Asubuhi yake alikuja mtoto na bahasha. Pesa zilikuwa kamili. Juu ya bahasha palikuwa na leso imekunjwa vizuri, mojawapo ya zile zangu, kipande kimoja tu, kimetenganishwa na mwenziwe. Jina lake sina haja ya kulifungua kulisoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyemchagulia leso zile. Yule mama hakunitukana, wala hakunitangaza popote. Hadi leo tukipishana njiani salamu zangu hujibu kama kawaida, na kichochoroni hageukii tena.

Ile leso iko chini ya kaunta, pamoja na mkasi. Mteja akiiona akaniuliza bei, humwambia imeshauzwa.