Jibu: Nikikosa cheo, nitaumia kwa miaka?

Mkuu, umeuliza kama uiamini hofu yako kwamba ukiomba cheo ukakosa, hutakuwa na furaha tena kwa miaka. Kuumia utaumia, hapo huna kosa. Tunachokosea wengi ni ukali wa maumivu na muda wake.

Wanasaikolojia Daniel Gilbert, Timothy Wilson na wenzao walichapisha mwaka 1998 utafiti unaokaribiana sana na hali yako. Wahadhiri wa Marekani waliokuwa wakisubiri kupewa ajira ya kudumu walitabiri kwamba wakinyimwa, majonzi yatawaandama kwa miaka. Walipoulizwa waliokwisha kupitia uamuzi huo, waliopata na waliokosa hawakutofautiana kwa furaha kiasi hicho.

Akili hujitetea: hutafuta sababu, hulaumu mazingira, hugundua faida ambayo jana haikuonekana. Inafanya hivyo kimyakimya, ndiyo maana hatuiweki kwenye hesabu. Halafu tunapotabiri tunalikodolea macho tukio moja, kana kwamba siku hiyo hakutakuwa na marafiki, kazi wala usingizi. Wilson alilipima hili kwa mashabiki wa kandanda ya Kimarekani: walioombwa kwanza kufikiria shughuli zao nyingine za siku zinazofuata hawakutia chumvi sana katika utabiri wao wa jinsi matokeo ya mechi yatakavyowagusa.

Ila si kila jeraha hupona haraka (hapa wengi wanaosambaza tafiti hizi hupitiliza). Kupoteza ajira kabisa, kwa mfano, huweza kuacha alama ya muda mrefu. Kukosa cheo huku kazi unayo ni jambo jingine. Omba.