Maswali ya Wasomaji: Shoka, Upanga na Nusu-orki

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Jumamosi twacheza Dungeons & Dragons barazani, ule mchezo wa dadu na wahusika wa kubuni, kwa kitabu cha kanuni cha 2014. Mhusika wangu ni nusu-orki (nusu mtu, nusu jitu la orki), babariani (aina ya mpiganaji) wa kiwango cha 1: nilipanga 15 Nguvu, 14 Ustahimilivu, 13 Wepesi, nikamshikisha shoka kubwa. Mwenzangu ashikilia upanga mkubwa ni bora. Tena zimwi limempiga nusu-orki wangu rungu moja tu akafa, ilhali nusu-orki yasemekana haanguki kirahisi. Nimeonewa?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Aleikum salaam. Hukuonewa, ikiwa hesabu ndiyo hii. Nusu-orki uhai wake ukifika 0 hubaki na pointi 1 ya uhai, mara moja tu mpaka apate mapumziko marefu. Lakini sifa hiyo haimfai aliyeuawa papo hapo. Uhai wake kamili ni 14. Tuseme alibakiwa na 5, na rungu la zimwi likatoa 20, ambayo ndiyo juu kabisa kwa pigo lake la kawaida. Ziada ni 15, imepita ule uhai kamili wa 14: ameuawa papo hapo, kwisha. Angekuwa ndani ya ghadhabu, ile hali maalumu ya babariani, pigo lingekatwa nusu: 10, ziada 5, naye angesimama na 1. Una ghadhabu 2 kabla ya kila mapumziko marefu. Usizibanie hadi damu ishamwagika.

Sasa namba. Nusu-orki huongeza 2 kwenye Nguvu na 1 kwenye Ustahimilivu. Nguvu imekuwa 17, sawa. Ustahimilivu umekuwa 15, na 15 hutoa nyongeza ya +2 ile ile ya 14. Pointi imelala bure. Weka 13 kwenye Ustahimilivu (itakuwa 14) na 14 kwenye Wepesi. Uhai haupungui, na kinga bila deraya inapanda kutoka 13 hadi 14. Kama mna hakika mtafika kiwango cha 4, acha ulivyopanga, maana hapo utagawa pointi 2: 17 iwe 18, 15 iwe 16.

Kuhusu silaha, mwenzako kasema kweli. Upanga ni dadu 2 za pande 6, wastani 7; shoka ni dadu 1 ya pande 12, wastani 6.5. Ikitoka 20 tupu kwenye dadu ya pande 20 ya kushambulia, dadu za silaha huwa maradufu na nusu-orki huongeza moja: shoka hufikia wastani 19.5, upanga 17.5. Ila 20 tupu ni nadra, na ile nusu pointi huingia kila unapopiga. Shoka lichukue kwa raha ya kurusha dadu 3 za pande 12 mbele ya wenzako, nayo si haba.

Ujuzi je? Kutishia amezaliwa nako, kwa hiyo usikuchague tena kwenye ule ujuzi 2 wa babariani. Historia ya baharia (yaani maisha ya mhusika kabla ya mchezo) inawafaa watu wa bandarini: itampa riadha na uangalifu, nawe ubaki na nafasi ya kuchukua maisha ya porini na kutuliza wanyama. Haiba mpe 10 angalau. Kutishia kwategemea Haiba, na kwa 8 hata kuli wa gatini hatashtuka.